Plagi za Kona na Mkono wa Shoto

Silvano wa bendi yetu ya zamani alinipigia simu asubuhi, nikiwa dukani kwangu Busia nimefungua simu ya mteja vipande vipande mezani, akaniambia Othieno amefariki. Nikasema pole sana, Mungu amlaze pema. Hata pumzi sijavuta, akaongeza: "Sasa dada, ukikuja kwa mazishi, kuja na ile chuma yako ya kulehemu. Ile ubao ya pedali tunataka kupigia marehemu, lakini waya moja inakata-kata." Hivyo ndivyo watu wale walivyonitaka tangu mwanzo. Mtu amekufa, na mimi naitwa pamoja na chuma changu. Nilicheka peke yangu, mteja akanitazama kwa wasiwasi, akauliza kama simu yake bado itapona. Nikamwambia itapona. Kisha nikakaa na bisibisi mkononi nisijue nilikuwa nafungua nini. Miaka ishirini na kitu imepita, na bado nikisikia jina la Othieno kwanza natafuta hasira yangu ilipo, kama mtu anayepapasa mfukoni kuhakikisha ufunguo haujaanguka. Ipo. Haijaanguka.

Mwaka niliojiunga na bendi ya Othieno nilikuwa na miaka ishirini, na kichwani mwangu mlikuwa na jambo moja tu: kusimama jukwaani na gitaa, mchana kweupe, mbele ya watu waliovaa nguo za harusi. Sikutaka utajiri. Sikutaka hata kuimba. Nilitaka kupiga solo, watu wageuke waniangalie, basi. Gitaa nilikuwa nimejifunza kanisani kwetu Masinya, na kwa kuwa natumia mkono wa kushoto, nilizigeuza nyuzi zote, nene ikakaa mahali pa nyembamba na nyembamba mahali pa nene, hadi likakubali kupigwa na mkono wangu. Waliponisikia akina Othieno wakanichukua. Jina langu Nabwire hawakulitumia hata siku moja. Waliniita Shoto. Shoto, leta maji. Shoto, shika spika huko. Ukilizoea jina la namna hiyo unaanza kuliitikia, na ukishaanza kuitikia, umekwisha.

Tulifanyia mazoezi katika chumba kilichokuwa nyuma ya stoo ya Mama Zubeda, upande wa Uganda. Mume wake alikuwa na lori mbili za kubeba mahindi na samaki wakavu, na yeye mwenyewe aliuza spea za redio kwenye duka la mbele. Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, sakafu ya udongo uliopigwa maji, na magunia yamepangwa ukutani hadi juu. Ukikaa humo saa moja, nywele zako zinanuka mukene. Hadi leo nikipita sokoni penye vile visamaki vidogo vilivyoanikwa, vidole vyangu vinaanza kutafuta nyuzi. Mchana tulikula ugali na hao hao mukene waliokaangwa na nyanya, sinia moja, sote tumeizunguka, na mimi nikila kwa mkono wa kulia kama nilivyofundishwa kwa kofi utotoni. Kula, kusalimia, kupokea na kutoa, vyote nilivifanya kwa kulia. Gitaa peke yake ndilo lililobaki la mkono wangu wa kweli.

Sasa nieleze kile kilichoniingiza kwenye kulehemu, maana sikuzaliwa fundi. Katika harusi za kwetu, wimbo ukiwakolea, wageni hawakai vitini. Wanakuja hadi kwa wapigaji kutuza. Mtu anacheza akija, anakubandika noti kwenye paji la uso, anakuzunguka, na mwenzake yuko nyuma yake na shangazi zake watatu. Hakuna anayetazama chini. Na chini ndiko ziliko pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, na waya zinazoviunganisha. Plagi za kawaida zimenyooka: ukiichomeka ubavuni mwa pedali, inabaki imetokeza nje kama kidole. Mama mmoja mnene akiikanyaga na viatu vya kisigino, imeenda, na pengine inakwenda na tundu lake. Katika harusi moja huko Masaba sauti ilikatika mara nyingi hadi mpiga solo wetu akatupa gitaa chini, na wiki iliyofuata akaenda zake Tiira kuchimba dhahabu. Alisema afadhali shimo lililo wazi kuliko sisi.

Othieno alirudi kutoka harusi hiyo anatokwa na povu. Alikuwa ndiye mwenye bendi, mwimbaji, mwenye pedali zote tatu, na mwenye sauti ambayo, kusema kweli, ilikuwa nzuri. Alimwaga zile waya zilizokatika kwenye sakafu ya stoo akasema, "Hii takataka nani atatengeneza?" Nikasema, mimi. Nilikuwa nimemtazama fundi wa redio dukani kwa Mama Zubeda mara nyingi, na nilijua kwamba ziko plagi za kona, zile zilizopinda kama kiwiko, zinazolala ubavuni mwa pedali badala ya kutokeza. Nikamwambia, ukiwa na plagi hizo, pedali zote zinakaa karibu karibu juu ya ubao mmoja, na mtu anaweza kukanyaga atakavyo. Othieno akanitazama, kisha akawatazama wenzake, kisha akasema mbele yao wote: "Sikia Shoto. Utengeneze ubao, hata ng'ombe ikikanyaga haikatiki. Ukifanya hiyo, harusi ya Tororo unasimama kando yangu na solo ni yako." Nikanyoosha mkono tupeane. Nilinyoosha wa kushoto, bila kufikiri, kwa furaha. Aliuacha ukining'inia hewani, akicheka, mpaka nikautoa wa kulia.

Nikaenda kununua plagi upande wa Kenya. Kijana muuzaji alikuwa na kasha zima, akaniapia, "Siste, hizi zote ni original, hakuna fake hapa, si unaniona mimi ni mtu wa Mungu?" Nilikuja kujifunza kwamba mtu wa Mungu anauza namna tatu. Kuna zile zilizomwagiwa plastiki pamoja na waya wake kiwandani; zikifa huwezi kuzifungua, unazika. Kuna zile zenye kifuniko cha kuzungusha, nene na nzuri kwa macho, lakini kiungo cha ndani hakikazi, ukiitikisa sikioni unasikia ncha inacheza. Na kuna zile bapa, zenye kifuniko kidogo cha skrubu, mbaya kama sahani ya mbwa, lakini ndani zina nafasi ya kuweka waya na kibano cha kuushika shingoni. Nilianza kwa zile nzuri kwa macho, bila shaka. Nani asiyeanza na hizo? Nilipoziwekea chuma cha moto, kile kiduara cha plastiki kinachotenganisha ncha na mwili kikalainika kama ugali wa maji, ncha ikapinda, plagi ikafa kabla haijazaliwa. Nikarudi kwa mtu wa Mungu, nikachukua zile bapa.

Nililehemu mwezi mzima kwenye kona ya stoo, juu ya gunia lililopinduliwa. Waya wa kati unachunwa kidogo tu, unapakwa risasi ya kulehemu kwanza ukiwa peke yake. Kiungo cha plagi nacho kinapakwa risasi peke yake. Halafu vinakutanishwa na joto la haraka, hesabu ya kushika sufuria bila kitambaa, basi unatoa chuma. Ukichelewa, ganda linayeyuka na nyuzi za nje zinagusa za kati, na pedali inakaa kimya kama mtu aliyenuna. Tena si kila waya wa kona unafanana. Pedali nyingine tundu zake zinatazamana sawa, nyingine tundu moja liko juu na jingine chini, kwa hiyo plagi mbili za waya mmoja lazima uamue mapema zitaelekea upande mmoja au zipishane. Ukikosea umekosea, waya mfupi kama kiganja hausokoteki. Nilikosea. Nikafungua, nikaiondoa risasi, nikaanza tena. Mama Zubeda aliniletea chai ya tangawizi na mandazi, akasimama mlangoni na buibui lake amelipandisha kwa sababu ya vumbi. "Mtume! Mtoto wa kike na moshi wote huo. Na hao wanaume wako wapi?" Nikamwambia wamekwenda kunywa. Akasema, "Unawavisha nguo, mwanangu, nao hawajakupima hata wewe."

Ubao nilioununua ulikuwa wa mvule, umetolewa kwenye kitanda kilichovunjika. Nikazikaza pedali juu yake, na hapo nikafanya jambo ambalo ni mtu wa shoto peke yake angelifanya. Mpigaji wa kulia, gitaa lake waya unatokea upande wa kulia, na pedali zinapokelea kulia, kwa hiyo hana shida. Mimi waya wangu unatokea kushoto. Ukiuacha uvuke mbele ya miguu, utajikwaa. Kwa hiyo plagi ile ya kwanza niliielekeza nyuma, nikaupitisha waya nyuma ya ubao wote hadi upande wa kushoto, nikaubana kwa ukanda wa bati na misumari mifupi usije ukahama. Nilisimama juu yake nikiwa na gitaa, miguu yangu huru kabisa, na niliwahi kulia kwa furaha mara chache maishani, ile ilikuwa mojawapo. Ubao ule ulikuwa umekatwa kwa mwili wangu. Hakuna nguo iliyowahi kunikaa vile.

Ndipo siku moja, mchana, nikiwa kule nyuma ya magunia naweka kifuniko cha plagi ya mwisho, Othieno na Silvano wakaingia na sinia lao la ugali, wakakaa upande wa pili. Hawakujua nipo. Silvano ni binamu yake Othieno kutoka Tororo. Wakati huo alikuwa akibeba spika na kujifunza gitaa pembeni. Nikamsikia akisema na chakula mdomoni, "Kweli bwana, utaweka huyu shoto mbele ya wazee wa Tororo?" Othieno akatafuna kwanza. Kisha akasema, "Wacha amalize ubao." Silvano akacheka. Wakahamia mambo ya mpira. Nami nikakaza ile skrubu. Watu huniuliza, ninapowahadithia, kwa nini sikusimama pale pale nikawamwagia sinia lao. Nami najiuliza. Nadhani nilifikiri nimesikia vibaya, au kwamba akiniona nikipiga atabadilika. Kijana anaamini kuwa kazi nzuri itamtetea. Hakuna uongo mkubwa kuliko huo, na hakuna aliyenidanganya; nilijidanganya mwenyewe.

Jioni ile nilimwambia Mama Zubeda nilichosikia. Alikuwa akichambua mchele, hakuacha. Akasema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Nikamwambia, "Mama, nimeubusu vya kutosha, midomo imechubuka." Akacheka hadi mchele ukamwagika, kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Basi nenda Tororo. Usiseme baadaye kwamba hukufika." Akanishonea blauzi ya rangi ya machungwa kwa kitambaa kilichobaki dukani kwa mashemeji zake, mikono yake mipana ili nisibanwe nikipiga. Niliivaa mara moja tu.

Harusi ilikuwa ya watu wenye mali yao, uwanjani, na ule mwamba wa Tororo umesimama nyuma ya mahema kama mgeni asiyealikwa. Nilichomeka ubao mwenyewe, nikajaribu, sauti ikatoka safi, hakuna hata mkwaruzo. Nilipiga kipande kifupi tu cha kupasha vidole. Watoto waliokuwa wakichezea viti wakageuka. Yule mwanamke aliyekuwa akipanga maua naye akageuka. Alikuwa shangazi yake bibi harusi, mrefu, amevaa gomesi ya kijani inayong'aa. Akaja moja kwa moja, si kwangu, kwa Othieno. "Huyu msichana anapiga na mukono gani?" Othieno akatabasamu. "Mama, yeye ni mpigaji muzuri sana." "Mimi sikuuliza kama ni muzuri. Mutu atakuja kumutuza, atapewa shukrani na mukono ya kushoto? Kwa harusi ya mutoto yangu? Hiyo mukono ni ya matanga. Ataleta mukosi hapa." Nilimwangalia Othieno. Nilikuwa nimesimama juu ya ubao wangu, na gitaa langu, na blauzi yangu, na nilimwangalia kwa macho yangu yote. Ningeridhika na neno moja. Angesema tu, "Mama, nilimwahidi," kisha hata kama tungefukuzwa, ningemfuata mtu yule hadi leo. Akajikuna shingo. Akasema, "Silvano, chukua gitaa ile ingine. Shoto, kaa huko nyuma, uangalie waya."

Nikakaa nyuma ya spika kubwa, juu ya kreti ya soda. Niangalie waya! Kutoka pale niliona miguu tu. Viatu vya ngozi, viatu vya kisigino, malapa, miguu mitupu ya watoto, vyote vilikuja juu ya ubao wangu wimbo ulipokolea, vikakanyaga, vikasota, vikaruka. Shangazi mwenyewe alikuja na gomesi yake akacheza hapo hapo juu ya plagi ya pili. Silvano alipiga vibaya, nasema ukweli, alipiga kama mtu anayetafuta njia gizani, lakini sauti ilikuwa nzuri mno kiasi kwamba hakuna aliyejua. Noti zikabandikwa usoni mwake. Na mimi nikaomba. Niliomba kwa Mungu yule yule wa Masinya kwamba waya mmoja tu ukatike. Mmoja tu, Baba, waniite. Ningeweza kunyoosha mguu nikaung'oa, ulikuwa karibu na kiatu changu, lakini sikutaka hivyo. Nilitaka ufe wenyewe, wajue. Haukufa. Hata mmoja haukufa, mchana kutwa. Niliulehemu vizuri mno.

Walipomaliza, Othieno alikuja amelowa jasho, akanipiga begani. "Kazi nzuri, Shoto! Haikukata hata mara moja!" Alikuwa na furaha ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko lile la shangazi, kwamba hakuona alichofanya. Asante ya punda ni mateke, lakini punda walau anajua kwamba amepiga teke. Nilirudi Busia, nikampa Mama Zubeda blauzi yake, sikuingia tena katika stoo ile siku wao wakiwa ndani. Ubao ulibaki kwao kwa kuwa pedali zilikuwa za Othieno. Gitaa langu nililitundika ukutani, na mkono wa kushoto nikaupa bisibisi.

Basi nilikwenda mazishini. Nyumba ya Othieno iko nje kidogo ya Tororo, watu walikuwa wengi, mahema yamefungwa, na ubao upo karibu na jeneza, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, pamoja na gitaa lake na picha yake akicheka. Nikainama. Zile plagi bapa zangu zilikuwa zimeshika kutu pembeni, lakini zipo zote. Na ule ukanda wa bati upo, misumari ipo, na ile plagi ya kwanza bado imeelekea nyuma, waya bado umezungushiwa kushoto. Miaka yote hiyo mtu wa mkono wa kulia amekuwa akiuruka waya ule kila alipogeuka, na hakuna aliyethubutu kuubandua. Waya uliokuwa ukikata ulikuwa ule wa kwenda kwenye spika, wa dukani, si wangu. Niliutia risasi pale pale, Silvano akinishikia taa ya simu chini ya meza ingawa jua lilikuwa linawaka. Amezeeka, kidole chake kimoja hakikunji. Nilipomaliza akasogea sikioni kwangu, akasema kwa upole kabisa, "Dada, leo piga wewe. Hapa kwa matanga, shoto hakuna neno."

Nilimtazama nikidhani anadhihaki. Hakuwa anadhihaki. Alikuwa ananipa zawadi, maskini, macho yamemjaa machozi. Nikamwambia, "Silvano, mimi nilitaka harusi." Nikachukua bisibisi yangu, nikaenda kukaa na wanawake penye sufuria.

Akapiga yeye. Kilikuwa kile kile kipande cha siku ya harusi ile, na kidole kibovu, na sauti ilipita juu ya watu wote safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja. Watu wakainama wakalia. Nami nikalia, tusidanganyane, wala sikuwa namlilia yeye. Mama aliyekuwa akipakua chakula kando yangu akatikisa kichwa. "Marehemu alikuwa mutu ya vitu vizuri," akasema. "Hizo waya unaona, alitoa mbali. Wanasema Nairobi."

"Nilizilehemu mimi," nikasema.

Akanitazama kwanza usoni, kisha bisibisi iliyokuwa mapajani mwangu. "Wewe? Banange! Basi mama, umechoka, kula." Akanijazia sahani ya ugali na nyama, akaninyooshea. Nami mawazo yangu yalikuwa kwenye lile gitaa, nikanyoosha mkono kupokea. Akairudisha sahani nyuma. Hakukasirika, alisubiri tu akitabasamu, kama anavyosubiriwa mtoto. Nikautia wa kushoto chini ya kanga, nikautoa wa kulia.